Filamu za Asia zatamba Oscar, waigizaji wake wabaki nje

USIKU wa Februari 9, 2020, filamu ya Parasite kutoka Korea Kusini iliandika historia mjini Los Angeles, Marekani, ilipokuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Oscar ya Filamu Bora.

Filamu hiyo iliondoka na tuzo nne, ikiwamo ya Mwongozaji Bora aliyokabidhiwa Bong Joon-ho. Hata hivyo, kati ya vipengele sita ilivyoteuliwa kuwania, hakuna hata kimoja kilichohusu uigizaji. Song Kang-ho na wenzake, walioibeba hadithi hiyo mwanzo hadi mwisho, hawakutajwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2001, Crouching Tiger, Hidden Dragon, iliyozungumzwa kwa Kichina, iliteuliwa katika vipengele 10 na kushinda vinne. Mwaka 2009, Slumdog Millionaire, filamu ya Waingereza iliyopigwa nchini India, iliteuliwa katika vipengele 10 na kushinda vinane. Katika zote mbili, hakuna mwigizaji aliyeteuliwa.

Mwaka 2022 ikaja zamu ya Drive My Car ya Japan. Iliwania hadi Filamu Bora, lakini jina la mhusika wake mkuu, Hidetoshi Nishijima, halikuwamo, ingawa Januari mwaka huo chama cha kitaifa cha wahakiki wa filamu nchini Marekani kilikuwa kimemchagua kuwa mwigizaji bora.

Swali linalojitokeza ni moja. Filamu inawezaje kuhesabiwa miongoni mwa zilizo bora duniani, ilhali watu wanaoonekana ndani yake hawahesabiwi?

Njia ya waliofanikiwa

Sehemu ya jibu inapatikana kwa wale waliovuka kizingiti hicho. Miyoshi Umeki, mzaliwa wa Japan, alishinda mwaka 1958 kwa filamu ya Sayonara. Haing Ngor, daktari wa Cambodia aliyenusurika mauaji ya Khmer Rouge na ambaye hakuwahi kuigiza kabla, alishinda mwaka 1985 kwa The Killing Fields. Youn Yuh-jung wa Korea Kusini alishinda mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 73, kwa Minari.

Wote hao walitambuliwa kupitia filamu za Marekani au Uingereza. Hata Minari, ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kikorea, ilitengenezwa Marekani.

Mfano ulio wazi zaidi ni Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia aliyejijengea jina katika sinema ya Hong Kong. Alikuwa nyota wa Crouching Tiger mwaka 2001, akapitwa. Miaka 22 baadaye, Machi 2023, alitwaa tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kike kwa filamu ya Kimarekani, Everything Everywhere All at Once.

Si lugha pekee

Wapo wanaosema kikwazo ni lugha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Sophia Loren alishinda mwaka 1962 kwa kuigiza kwa Kiitaliano, Roberto Benigni akafuata mwaka 1999 kwa lugha hiyo hiyo, na Marion Cotillard mwaka 2008 kwa Kifaransa. Wapiga kura waliosoma tafsiri chini ya picha kwa ajili ya hao wangeweza kusoma kwa ajili ya wengine.

Wengine wanadai kuwa Parasite haikuwa na mhusika mkuu mmoja, hivyo kura ziligawanyika. Yawezekana, kwani Januari 2020 chama cha waigizaji wa Marekani kiliwapa waigizaji wake tuzo ya kundi bora. Lakini hoja hiyo haimhusu Nishijima, aliyekuwa mhimili wa filamu yake.

Jibu la karibu zaidi liko katika utaratibu wenyewe. Katika Oscar, waigizaji wanachama ndio wanaowateua waigizaji wenzao. Mpiga kura huchagua kutokana na filamu alizopata nafasi ya kuzitazama, na ni rahisi kukumbuka jina alilokwisha kulizoea. Kampeni za kulifanya jina lizoeleke hugharimu fedha nyingi, ambazo kampuni kubwa za Hollywood ndizo zilizo nazo.

Tamasha la Cannes nchini Ufaransa lina utaratibu tofauti. Jopo dogo la waamuzi hutazama kila filamu inayoshindana. Huko, Tony Leung alishinda mwaka 2000, Jeon Do-yeon mwaka 2007, Song Kang-ho mwaka 2022 na Koji Yakusho mwaka 2023, kila mmoja akiigiza kwa lugha ya kwao.

Gharama yake

Suala hili si la heshima tu. Uteuzi wa Oscar humwongezea mwigizaji thamani anapojadili malipo na kumfungulia milango ya kazi nyingine. Ukipatikana Hollywood pekee, ujumbe kwa kijana wa Seoul au Mumbai ni kwamba anayetaka kuonekana sharti ahame. Afrika Mashariki inaufahamu ujumbe huo. Lupita Nyong'o wa Kenya alishinda mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave, filamu iliyotengenezwa mbali na nyumbani.

Mabadiliko yameanza. Mwaka 2020, taasisi inayotoa Oscar iliwaalika wanachama wapya 819, karibu nusu yao wakitoka nje ya Marekani.

Lakini Asia nayo haijakaa kusubiri. India ina tuzo za Filmfare tangu 1954 na Taiwan ina Golden Horse tangu 1962. Tuzo za Filamu za Asia zilipoanza Hong Kong mwaka 2007, mwigizaji bora wa kiume wa kwanza alikuwa Song Kang-ho, miaka 13 kabla ya Los Angeles kuipa filamu yake tuzo na kumwacha yeye nje. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.