Waliokataliwa Hawakuhesabiwa

Husemwa kwamba sisi wakutubi wa zamani tunavichukia vitabu vya elektroniki kwa kuwa tunaiogopa kompyuta. Napenda msomaji ajue tangu mwanzo kuwa nilikuwa mjumbe wa kamati iliyoviingiza katika maktaba ya chuo chetu, na nilivikubali kwa hiari yangu. Nilikuwa nimechoka. Kwa miaka 27 niliona vitabu vya kozi vikija nakala mbili kwa wanafunzi 300, vikawekwa nyuma ya kaunta viazimwe kwa saa mbili mbili, na bado mwisho wa muhula sura iliyotakiwa imekatwa kwa wembe. Anayeisifu karatasi mbele yangu hajawahi kukishika kitabu cha namna hiyo.

Kwa hiyo sina ugomvi na kitabu chenyewe. Ugomvi wangu ni juu ya namna tulivyokipima.

Baada ya mwaka wa kwanza tuliletewa tathmini. Ilikuwa na michoro ya rangi, ikasema vitabu vimefunguliwa mara maelfu kwa maelfu. Wakubwa walifurahi. Mimi nikauliza: kufunguliwa maana yake nini? Mwanafunzi amefungua kitabu, umeme ukakatika. Amerudi jioni akafungua tena, mtandao ukamtupa nje. Akafungua mara ya tatu. Kwenye hesabu hiyo ni mara tatu, na pengine hajamaliza hata ukurasa mmoja. Nikajibiwa kwamba hizo ndizo taratibu za kimataifa.

Basi nikaenda kuzisoma hizo taratibu. Zinaitwa COUNTER, na mradi wake ulianza mwaka 2002. Humo nikakuta kumbe lipo pia jedwali la waliokataliwa, yaani waliobisha hodi wasifunguliwe. Vitabu vingi vya elektroniki huuzwa kwa sharti la msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Ajabu iliyoje! Kitu kinachoweza kunakiliwa mara milioni kimefungwa kamba ili kiige unyonge wa karatasi. Mmoja akiwa ndani, wa pili huambiwa asubiri. Jedwali hilo halikuwamo katika tathmini yetu.

Juma moja kabla ya mitihani msichana mmoja alinijia mezani. Akanipa shikamoo, kisha akasema: "Mzee, kitabu kinaniambia kina mtu. Huyo mtu ni nani nikamwombe?" Nilicheka, halafu nikaona haya. Enzi za kaunta ningemjua huyo mtu kwa jina na meza aliyokalia. Ningewaketisha pamoja wakasoma kitabu kimoja, mmoja akinakili huku mwenzake akisoma kwa sauti ya chini. Safari hii sikuwa na la kumjibu.

Na hojaji je? Ilitumwa kwa njia ya mtandao. Ni sawa na kondakta kusimama ndani ya basi lililojaa akauliza nani amekosa nafasi.

Halafu lipo neno "tumenunua", lililorudiwa katika kila ukurasa wa taarifa ile. Hatukununua, tulipanga, kama mtu anavyopanga chumba. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliziambia maktaba za umma kwamba kitabu chake cha elektroniki kikishaazimwa mara 26 leseni imekwisha, kilipiwe upya. Mwaka 2022 Wiley iliondoa vitabu zaidi ya 1,300 katika mkusanyo unaotumiwa na maktaba nyingi za vyuo vikuu, mwaka wa masomo ndiyo kwanza unaanza, wahadhiri wakiwa wamekwisha kuviandika katika orodha za kozi. Kelele zilipopigwa vilirudishwa, lakini kwa muda tu. Hao ni wenye fedha. Sisi malipo yalichelewa mara moja, na mkusanyo mzima ukafungwa wiki sita. Vile vitabu vyetu vilivyoliwa na mchwa havikwenda popote.

Sitaki kusema mengi juu ya kilichokuwamo. Nilimtafuta Shaaban Robert, sikumpata.

Nilichokitaka kwenye kamati si kikubwa. Nilitaka tathmini ituambie nani amerudishwa mlangoni, na tutabaki na nini rafuni siku tutakaposhindwa kulipa. Mwenyekiti, mtu mwungwana kabisa, alisema maswali yangu ni ya kisera na hayahusiani na matumizi. Mkataba ukarefushwa siku hiyo hiyo kabla ya chai.

Nilipokaribia kustaafu niliomba tena nionyeshwe lile jedwali la waliokataliwa. Nikaambiwa lipo, ila aliyekuwa na neno la siri amehamishiwa idara nyingine. Juzi nilimpigia simu mwenzangu mmoja aliyebaki kazini. Anasema bado wanalitafuta.