PISHI NA HESHIMA YA MFANYA KAZI

Kila msimu wa karafuu, mchumaji wa Pemba hushuka mkarafuuni, akachambua makonyo, na jioni akapeleka karafuu zake kupimwa. Pishi hujazwa mbele ya macho yake. Akiona hila, husema. Na wenziwe waliosimama nyuma yake husema pamoja naye. Ujira waweza kuwa haba, lakini kipimo hakifichwi.

Twakumbusha jambo hili kwa sababu ya swali waulizanalo vijana wetu wa Chake Chake, Wete na Mkoani wanaosomea kompyuta. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza, mwaka 2022, mpango wa kuyavutia makampuni ya ufundi huo kuja Zanzibar, wao huuliza: katika makampuni makubwa ya dunia, ni ipi yenye desturi njema za kazi? Swali ni zuri, wala hatulidharau. Lakini twaona wengi hulijibu kama mgeni aliyeketishwa barazani asifike jikoni.

Husifiwa Google kwa chakula cha bure na vyumba vya kupumzikia. Sifa hizo si uongo. Lakini mwezi Machi 2019 watu wa muda na wa kandarasi walioifanyia kazi kampuni hiyo walikuwa kiasi cha 121,000, na waajiriwa wake hasa 102,000. Basi walio wengi hawakuwa wenyeji wa nyumba ile. Na hata wenyeji, tarehe 1 Novemba 1918 ya babu zetu hawakuijua, lakini tarehe 1 Novemba 2018 waliijua vyema: watu kama 20,000 waliacha meza zao wakatoka nje, wakipinga namna wakubwa walivyoshughulikia mashtaka ya wanawake waliodhalilishwa kazini. Chakula cha bure hakikuwaziba vinywa. Mwezi ule ule kampuni ikaacha kuwalazimisha wenye mashtaka hayo kwenda kwa msuluhishi wa faragha badala ya mahakama.

Microsoft nayo, hata mwezi Novemba 2013, ilikuwa na desturi ya kuwapanga wafanya kazi wake kwa daraja zilizowekwa kabla. Hata kikundi kikiwa chote hodari, sharti mmoja aandikwe dhaifu. Mtu akawa afurahia kuanguka kwa mwenziwe. Kampuni yenyewe iliiona hasara, ikaifuta. Hapa pana fundisho: desturi ya kazi haikuumbwa pamoja na mbingu na nchi. Imewekwa na watu, na watu waweza kuiondoa.

Katika maghala ya Amazon, mtambo huhesabu vifurushi na dakika. Tarehe 1 Aprili 2022, wafanya kazi wa ghala moja la Staten Island, New York, walipiga kura 2,654 kwa 2,131 kutaka chama chao. Hawakuomba mito ya kulalia. Walitaka sauti.

Lakini tusiende mbali, maana Nairobi ni jirani. Huko Waafrika wenzetu, wakiwamo wasemao Kiswahili, waliajiriwa na kampuni ya Sama kuifanyia Facebook kazi ya kutazama picha za mauaji na ukatili, ili sisi wengine tusizione. Jarida la TIME liliandika mwaka 2022 kwamba baadhi yao walipata kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mwaka 2023 likaandika tena kwamba, kwa kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwa maandishi, OpenAI ilikubali kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa, na mfanya kazi akapata baina ya dola 1.32 na 2. Sama ilieleza kwamba katika fedha hizo mlikuwa na gharama nyingine. Na iwe hivyo. Lakini aliyefanya kazi hakuwapo pishi ilipopimwa.

Mmoja wao, Daniel Motaung, alishtaki mwaka 2022. Wenye Facebook wakajibu kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yao. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja hiyo. Na tarehe 1 Mei 2023, wafanya kazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili. Kampuni moja yaweza kuwa na nyumba mbili: ya walio karibu na mwenye mali, na ya walio mbali. Penye urembo ndipo penye urimbo. Kabla ya kutia sahihi, kijana aulize: katika mkataba huu mwajiri wangu ni nani? Kipimo cha kazi yangu nitakiona? Nikionewa, naweza kusema pamoja na wenzangu?

Kuna watakaosema kwamba maswali haya yatawafukuza wageni. La! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1, zote za mwaka 2005, nazo zamtambua mfanya kazi na chama chake. Yatupasa zisomwe pamoja na kila kampuni siku ya kuja kwake, wala si siku ya ugomvi. Na vyama vya wafanya kazi visingoje kuitwa. Viende kwa vijana hawa tangu wakiwa masomoni, maana makuli wa bandari ya Unguja waliogoma mwaka 1948 hawakuongezewa ujira kwa kunyamaza.

Twazikaribisha kompyuta Pemba kwa mikono miwili. Lakini mtoto wa mchumaji asiridhike na kipimo kilichofichwa, ambacho baba yake hangekikubali chini ya mkarafuu.