Imani ya Mzazi, Uhai wa Mtoto

Nimesoma makala inayodai kwamba mzazi anayekataa hospitali kwa sababu ya dini aachwe, kwa kuwa Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinalinda imani yake. Napinga. Kifungu hicho kinamlinda anayeamini. Mtoto mchanga hajachagua dhehebu. Yeye ana Kifungu cha 53, kinachompa haki ya matibabu na kutanguliza maslahi yake.

Mwandishi anasema madhara huishia nyumbani kwa mwenyewe. Aje Eastleigh, Nairobi. Machi 2018, kirusi cha polio kilipatikana katika maji taka ya hapa Kamukunji, kikiwa na nasaba na kile cha Mogadishu. Ni kweli kilitokana na chanjo ya matone, lakini kirusi cha aina hiyo hupata nguvu pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Maji taka hayaulizi mtu anaswali wapi.

Wafuasi wa dhehebu la Kavonokya, Ukambani na Tharaka, hukataa dawa na kutegemea maombi peke yake. Mtoto aliyezaliwa humo hakuulizwa. Malaria ikimshika, hana sauti. Na Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini ilifukuliwa kuanzia 2023, ikiwamo ya watoto wengi, njaa iliyowaua wengi wao ilitanguliwa na mahubiri ya kukataa shule na hospitali.

Dua na dawa hazigombani. Mzazi mwenzangu, omba. Lakini omba ukiwa njiani, mtoto mgongoni, unaelekea hospitali.