Vipandikizi na Mikono ya Kuviweka: Wajibu wa Kaunti ya Machakos

Njia za muda mrefu za kupanga uzazi ni zile ambazo mwanamke akishawekewa humkinga kwa miaka kadhaa, bila kumlazimu kurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu kama anayedungwa sindano. Mashuhuri ni mbili: kipandikizi, yaani kijiti chembamba chenye homoni kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono na kudumu miaka 3 au 5 kulingana na aina yake, na kitanzi cha shaba, ambacho wengi hukiita koili, kinachokaa katika mfuko wa uzazi hata miaka 10 na zaidi.

Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, na bei ya vipandikizi ilishuka kwa takriban nusu baada ya mapatano ya kimataifa ya mwaka 2013. Lakini bei nafuu haitoshi: kinachopungua pia ni mikono iliyofunzwa. Zahanati ya mashambani katika Kaunti ya Machakos, iwe Masinga au Yatta, mara nyingi hutegemea muuguzi mmoja au wawili, na yule aliyefunzwa akihamishwa, huduma huondoka naye, hata kama vijiti vimo kabatini.

Kazi yenyewe si ya kukisia. Muuguzi hutia ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kisha hupitisha kijiti juujuu chini ya ngozi, na baadaye yeye na mwanamke hukipapasa ili wote wawili wahakikishe kipo. Kikizama kwenye msuli, kukitoa huhitaji mtaalamu na pengine mashine ya kupiga picha, na hapo ndipo unapozaliwa uvumi kwamba kijiti hupotea mwilini, uvumi unaowatisha majirani wa kijiji kizima. Ustadi huo hauingii kwa semina ya hotelini. Muuguzi hana budi kuuzoea kwanza kwenye mkono wa bandia, kisha kwa wateja halisi, mkufunzi wake akiwa kando yake katika zahanati anamofanyia kazi.

Ethiopia ina funzo kubwa. Kuanzia mwaka 2009, wahudumu wake wa afya vijijini walifunzwa kuweka vipandikizi, na wanawake wengi wakafikiwa karibu na kwao. Lakini wahudumu hao hawakufunzwa kuvitoa, hivyo aliyetaka kutolewa ilimbidi asafiri hadi kituo kikubwa. Machakos isirudie kosa hilo. Mwanamke anayetaka mtoto, au anayesumbuliwa na damu isiyo na mpangilio, ana haki ya kutolewa kijiti siku anapokuja, bila kuhojiwa wala kubembelezwa avumilie, kwa maana hiari isiyo na njia ya kutokea si hiari, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeitambua huduma ya afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu.

Huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, kwa hiyo jukumu hili halina wa kusukumiwa. Yafaa bajeti ya mafunzo ihesabu zahanati kuwa tayari pale tu inapokuwa na wahudumu wawili wawezao kuweka na kutoa pia, na mmoja asihamishwe kabla mwenzake hajamfunza wa tatu.