Nyuzi za Gitaa: Kitanzi au Kigololi?

Wako wenzetu hapa Lubaga wasemao kuwa uzi ni uzi, mradi ulie. Sikubaliani nao. Mwenye adungu hufunga fundo lake akamaliza, lakini gitaa lina sheria yake. Uzi wa kitanzi ni wa banjo na mandolini, zenye vikulabu vya kuushika. Gitaa letu la nyuzi za chuma lina matundu na vigingi. Kigololi ndicho kinachokwama chini yake. Kitanzi kitupu huchopoka, na shilingi za chama zimepotea.

Basi, ndugu, tununue za vigololi. Na uzi ukikatika, tusitupe kigololi chake: zikipatikana za vitanzi tu, tutakipachika ndani ya kitanzi, na gitaa litalia. Akiba haiozi.