WRC3 SIYO "NAMBA TATU"

1/8
Mama zangu wa Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu! Mmezoea niwaandikie chanjo, uji wa lishe na homa za watoto. Leo naandika habari za magari ya mashindano, na naandika nikiwa na hasira. Msinikimbie, mtaona inawahusu.

Jumamosi nimetoka zamu ya usiku, nikamkuta binti yangu wa darasa la tano anaangalia video za Safari Rally kwenye simu. Nilishamsimulia kwamba kuna dada Mkenya, Maxine Wahome, alishinda pale Naivasha mwaka 2022. Akaniuliza, "Mama, si ulisema alishinda? Mbona wameandika tatu?" Kabla sijajibu, kijana wa jirani aliyekuja kuchaji simu akadakia: "Alikuwa wa tatu huyo. Wanawake na gari wapi na wapi?"

Mtoto akanyamaza. Nikaona kabisa kitu kimezimika usoni mwake.

2/8
Sasa sikilizeni. Dada yule hakuwa wa tatu. Alishinda daraja linaloitwa WRC3, na alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kushinda daraja hilo kwenye raundi ya ubingwa wa dunia wa rali. Ile "3" ni jina tu la kundi, kama unavyosema wodi namba 3. Haina maana kwamba waliolazwa wodi namba 3 wanaumwa kidogo kuliko wa wodi namba 1.

Kosa la yule kijana ni mdomo. Lakini kosa la kwanza ni la waliotoa jina. Ukimwekea mtu namba 3 kifuani halafu usieleze, watu watasoma walichozoea kusoma: wa tatu.

3/8
Nikaanza kutafuta ili nimweleze mtoto vizuri. Jamani, nilichokikuta!

Mwaka 2021 rali ya dunia ilirudi Kenya. Mkenya Onkar Rai akamaliza wa 7 kwa jumla, akashinda WRC3. Mwaka uliofuata Maxine naye akashinda WRC3. Utasema walishinda kitu kimoja, sivyo? Hapana!

Mwaka 2021, WRC2 ilikuwa ya timu rasmi na WRC3 ilikuwa ya madereva binafsi, lakini wote wanaendesha aina moja ya gari, Rally2. Mwaka 2022 wakageuza. WRC3 ikawa ya magari ya Rally3, ambayo ni madogo na yana nguvu kidogo zaidi. Jina lile lile, kitu kingine. Na gari ya Onkar Rai ubavuni ilikuwa inaitwa Polo GTI R5, kwa sababu R5 ndilo jina la zamani la Rally2. Yaani 5 imekuwa 2, inashindana kwenye 3. Nesi mzima nimekaa na kalamu na karatasi!

4/8
Msidhani ni rali tu. Baba watoto anapenda mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa. Huko kuna magari ya GT, kirefu chake ni Gran Turismo, Kiitaliano cha gari ya safari ndefu. Daraja la GT2 mwaka 2011 likaitwa GTE. Mwaka 2024 GTE ikaondolewa, ikaja LMGT3. Wakati huohuo kuna gari ya barabarani inaitwa Porsche 911 GT3, inauzwa tangu 1999, kabla hata daraja la GT3 halijaanza mwaka 2006. Ukiinunua huwezi kuingia nayo mbio za GT3. Ya mbio ni 911 GT3 R. Herufi moja tu, gari mbili tofauti!

Halafu mama akiuliza sebuleni anaambiwa, "Haya mambo huyawezi." Siyo kwamba hatuyawezi. Yameandikwa vibaya.

5/8
Wapo watakaosema, "Nesi, madaraja ni ya haki, gari ndogo isishindanishwe na kubwa." Nakubali kabisa. Mimi mwenyewe simpimi mtoto wa miezi sita kwa uzito wa mtoto wa miaka miwili. Ugomvi wangu ni majina, madaraja yenyewe sina shida nayo.

Na hapa nina neno la kazini. Kanula, ile sindano ya plastiki ya kuwekea dripu, namba zake zinakwenda kinyume: 24 ndiyo nyembamba, 16 ndiyo nene. Ingekuwa namba peke yake, siku yenye wagonjwa wengi tungekosea. Ndiyo maana zina rangi. Njano ni 24, ya kichanga. Bluu 22, pinki 20, kijani 18, kijivu 16. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, nasema "lete kijivu", hakuna mjadala. Na mwakani kijivu haitakuwa ya kichanga. Mtu akiijua leo, ameijua.

Kama wodini tumeweza, hao wenye magari ya mamilioni wanashindwa nini?

6/8
Tena zamani waliweza. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii, magari yaligawanywa kwa bei ya dukani. Ya bei ndogo kwa bei ndogo, ya bei kubwa kwa bei kubwa. Hata bibi anayeuza dagaa sokoni angeelewa nani anashindana na nani.

Baadaye yakaja mahesabu. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa 12 na Subaru Vivio, kigari cha cc 658, karibu nusu ya injini ya IST ndogo mnayopanda hapa mjini. Alishinda daraja la A5. Aliyeshinda kwa jumla, Juha Kankkunen wa Toyota Celica, alikuwa A8. Celica ile injini yake ilikuwa ya cc 2000 hivi, ila kwa kuwa ina turbo wanazidisha mara 1.7, inahesabiwa kama 3400. Enzi hizo namba kubwa ndiyo gari kubwa. Leo ni kinyume, Rally1 ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Sasa niambieni, ni watoto wangapi wa huku wanajua kwamba mtu wa Afrika Mashariki alimaliza safari ile na kigari kile, akawa wa kwanza katika daraja lake? Wanakumbuka "12".

7/8
Ndiyo maana nasema wanatuibia. Watu wetu wengi hawana pesa ya kuingia daraja la juu, kwa hiyo wanashinda kwenye madaraja haya ya katikati. Jina likiwa fumbo, ushindi unapotea hapohapo. Na akipotea dada aliyeshinda, kinachobaki kwa binti yangu ni maneno ya kijana wa kuchaji simu.

Ninyi watangazaji na wenye kurasa za michezo za Kiswahili, acheni kusoma herufi kama mlivyoletewa. Semeni: "Ameshinda kundi la gari ndogo, wa kwanza kati ya wenye gari kama yake." Tajeni na mwaka. Hiyo haihitaji digrii.

8/8
Na wewe mama, usikubali kunyamazishwa. Mtu akikutajia daraja, muulize maswali matatu: Gari gani zimo? Nani anaruhusiwa kuingia? Mwaka gani? Akishindwa kujibu, basi naye hajui, anakariri tu.

Jana jioni nilikaa na binti yangu, tukachora yale madaraja kwa penseli za rangi, kama kanula zangu. Gari ya Maxine aliipaka kijani. Juu yake akaandika mwenyewe: WA KWANZA. Nimeibandika mlangoni, pale pale wanapokuja kuchaji simu.

Kesho tunarudi kwenye manjano ya watoto wachanga. Mwenye kichanga nyumbani asikose.