Mwarobaini na Ushahidi wa "Nilikunywa, Nikapona"

Kila msomi anapotaka mwarobaini upimwe, huambiwa kwamba anadharau hekima ya mababu. Hoja hiyo imepinda, tena mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi. Anayeidharau tiba asili ni yule anayeisifu jukwaani pasipo kuitengea fedha za utafiti.

Ushahidi unaoletwa ni ule ule: "Nilikunywa, nikapona." Tuupime. Mgonjwa wa malaria hupata homa na maumivu ya kichwa na viungo. Mmea unaotuliza maumivu na uvimbe waweza kumpa nafuu ilhali vimelea vingali vinazaliana katika damu yake. Isitoshe, mtu mzima aliyekulia penye malaria ana kinga kiasi; huenda angepata nafuu bila kunywa chochote. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Kwake, nafuu ya jioni yaweza kuwa msiba wa asubuhi.

Kwa hiyo kuua vimelea, kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe ni maswali matatu, na jibu la moja halitoshi kwa mengine. La nne ni usalama.

Vyuo vyetu navyo vina lawama. Mwanafunzi huambukiza panya kimelea cha malaria ya panya, ambacho si kile cha binadamu, huwanywesha maji ya majani, huhesabu vimelea, kisha huhitimu. Tasnifu hulala kabatini, na mama kijijini huendelea kukadiria dozi kwa kikombe.

Nchini China, Tu Youyou alisoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, yaliyoagiza artemisia ilowekwe majini. Akashuku kwamba kuchemsha huharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha katika joto dogo. Kazi hiyo ilizaa artemisinini, iliyomo leo katika dawa mseto, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Aliuheshimu urithi wa wazee wake kwa kuuhoji.

Sisi tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na taasisi ya tiba asili pale Muhimbili. Mei 2020, serikali ilituma ndege Madagaska kuchukua kinywaji cha mitishamba. Nauli ya ndege ilipatikana. Fedha za kuupima mwarobaini ulio uani mwetu zinakosekanaje? Wanaousifu wazitoe. Hadi hapo, mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu.